Bunduki Fupi Iliyotaka Kivuli

Juzi wawili kati yenu walinijia nyumbani Mtopanga. Waliketi, wakakataa chai kwa adabu, kisha wakainywa kwa njaa. Mmoja akanigeuzia simu yake. Kwenye kioo palikuwa na jamaa mwenye ndevu na miwani myeusi, akiisifu bunduki fupi ya kuwindia huku mbwa wake akimtazama kwa imani kubwa.

"Mzee Mwadime," akaniuliza yule kijana, ambaye ni wa bara na haoni haya kuuliza, "hii kitu ni noma kweli, ama ni mbwembwe tu?"

Nilimwambia kwamba jibu lake ni refu kuliko bunduki yenyewe, na kwamba ningeliandika, kwa sababu vijana wa siku hizi ukiwaambia jambo kwa mdomo hulisahau kabla ya kufika stendi. Basi nawaandikia nyinyi mliorithi viti vyetu katika karakana ya bunduki kule Changamwe. Mmekuta mashine mpya na taa nzuri. Sisi tulikuwa na tupa, mafuta, na fundi mkuu aliyeitwa Bwana Athumani, mzaliwa wa Likoni, aliyeweza kumtukana mteja kwa Kiswahili kizuri kiasi kwamba mteja alimshukuru.

Tukubaliane kwanza jambo moja. Nchi hii ilipiga marufuku kuwinda nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kwa hiyo kila aliyeingia dukani na kibali chake akiulizia bunduki ya kuwindia alikuwa anataka kitu kingine. Wenye ranchi walitaka kulinda mifugo. Wapiga shabaha walitaka vikombe. Waliobaki walitaka kupigwa picha. Mimi naamini kwamba aina hii ya bunduki, wanayoiita ya skauti, iliundwa kwa ajili ya kundi la kwanza ikaishia kununuliwa na kundi la tatu.

Wazo lake si baya. Aliyeibuni alimfikiria mtu mmoja anayetembea peke yake porini, asiyejua atakutana na nini. Mtu huyo anataka bunduki nyepesi, fupi, yenye mtutu usionasa kwenye matawi, na ya kukoki kwa mkono, risasi moja moja. Darubini yake ni ndogo, isiyokuza sana, na haikai juu ya bolti, kile chuma cha kukokia, karibu na jicho kama mlivyozoea. Imesogezwa mbele, juu ya mtutu. Kwa kuwa iko mbali, unalenga macho yote mawili yakiwa wazi, na mnyama akikimbia unamwona kwa jicho la pili. Nafasi ya kutilia risasi inabaki wazi juu. Na chini ya darubini vimo vilengeo vya chuma, iwapo kioo kitavunjika. Ukiyasoma hayo kitandani, unaamka asubuhi unaitaka.

Bwana Athumani hakuwa mtu wa kusoma kitandani. Alikuwa na desturi yake, nanyi mkiiacha mtakuwa mmepoteza zaidi ya mashine zote mlizonunua. Kabla ya mteja kulipa, alimpa bunduki tupu, akaikagua chemba, pale pakaapo risasi, mbele yake, kisha akamwambia aitembeze. Uwanja wa nyuma ulikuwa na kamba za nguo, mapipa, gari bovu lisilo na injini na mpapai mmoja. Mteja alipaswa kupita chini ya kamba, kuingia garini na kutoka, kuketi juu ya pipa, kuinama kama mtu afungaye kiatu. Bwana Athumani alikaa kibarazani na kahawa yake akitoa hukumu.

"Huyo amevua suruali ya jirani kwa mtutu. Aandikiwe fupi."

"Huyu yuwataka bunduki au yuwataka fimbo ya kuchungia? Ashikilia kama yaungua!"

Katika uwanja ule bunduki fupi ilishinda kila siku. Sina la kubisha hapo. Ile ndefu iligonga mlango wa gari, ikanasa kamba, ikachafua mashuka ya watu. Fupi iliingia na kutoka kama kijiko mdomoni. Sifa hiyo ni ya kweli, nami nitairudia mbele yenu hata mkiniapisha.

Lakini wepesi, wanangu, ni fadhila ambayo binadamu hawezi kuiacha ilivyo. Nilikuwa na mteja wa Junda, mtu mpole kabisa, aliyenunua bunduki fupi kwa sababu mgongo ulimsumbua. Mwezi uliofuata alirudi tumfungie miguu ya kusimamishia. Kisha taa. Kisha mkoba wa risasi za akiba kwenye kitako. Kisha ukanda mpana wenye sifongo, kwa kuwa sasa bunduki ilikuwa nzito na ilimkata bega. Siku tuliyoipima iliizidi ile ndefu aliyoikimbia. Bwana Athumani alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Ndugu yangu, hapo bado nafasi ya jiko."

Na wasiofunga chochote juu yake hulipa kwa bega. Bunduki nyepesi yenye risasi ya nguvu hurudi nyuma kama punda aliyepitiwa nyuma bila salamu. Wale wa picha hufyatua mara tatu, hutabasamu kwa uchungu, na huiweka kabatini. Huko kabatini ndiko anakokuja adui wa kweli wa chuma cha mwambao, ambaye si fisi wala nguruwe pori. Ni hewa. Mtu wa Kisauni huiweka bunduki ndani ya mkoba wa sifongo, anaifungia kwa kufuli, anaondoka kwa moyo mtulivu. Sifongo hunywa unyevu wa masika na kuulea kama mtoto. Akifungua, mtutu umekuwa na ndui ya kutu. Ifuteni kwa kitambaa chenye mafuta kila ikishikwa, kwa maana jasho la mkono nalo ni chumvi, na muiache isimame wazi ndani ya sanduku lake la chuma. Mkoba ni wa safari tu.

Sasa nifike kwa Bwana Nzioka, ambaye ndiye jibu hasa la swali la yule kijana.

Bwana Nzioka alitoka Ukambani akawa karani wa bandarini, akafungua ofisi yake ya kutoa mizigo, na alipojaliwa alinunua ranchi mbele ya Mariakani. Hakuwa mjinga wala mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja: alisoma kuhusu vitu mpaka akavipenda kabla hajavigusa. Alikuja kwetu akiijua bunduki ya skauti kuliko aliyeitengeneza. Aliuza ile ndefu aliyokuwa nayo. Akaitembeza mpya uwanjani, akafaulu vizuri, hata Bwana Athumani akakosa tusi. Ila kwa hofu kwamba darubini ingelegea au kuibwa, alitaka ifungwe kwa skrubu za kukaza badala ya vishikizo vya kufungua kwa kidole. Tukamkazia. Ufunguo wake ukatiwa kwenye kijisanduku.

Kisha tukampeleka kwenye uwanja wa shabaha tuliokuwa tukiutumia nje ya mji. Pale palikuwa na meza ya kufyatulia, na juu ya meza, kwa kuwa sisi ni watu wa pwani na hatuchomwi na jua kwa ujinga, palikuwa na paa la makuti. Bunduki zote za karakana yetu zilirekebishwa chini ya kivuli kile. Mteja aliketi kwenye ubaridi, akanywa maji ya madafu, akapiga matundu yake mazuri kwenye karatasi, akaenda nyumbani. Bwana Nzioka alipiga kundi la matundu ambalo ungelifunika kwa kisahani. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni kama cheti cha ndoa.

Baada ya miezi michache nilitumwa ranchini kwake kumwonyesha namna ya kuitunza. Nilifika asubuhi. Tulikuwa kwenye veranda, viazi vitamu mezani, yeye akinieleza faida za darubini ya mbele, jambo nililokuwa nimeshalisikia kutoka kwake mara kadhaa, aliposikika mwanamke akipiga kelele kutoka upande wa lambo la kunyweshea mifugo.

Alikuwa Kadzo, mke wa Chengo, mkuu wa wachunga ng'ombe, ambaye alimwita Baba Bahati. Alikuja mbio, leso moja kiunoni, nyingine mkononi.

"Bwana! Fahali amemwangusha Baba Bahati!"

Fahali huyo alikuwa ameanza kuumwa tangu siku mbili nyuma. Hakuwa anakula, ute ulimtoka mdomoni, na sauti yake ilikuwa imekauka kama mlango mbovu. Daktari wa mifugo alikuwa ameitwa, akasema kwa simu kwamba huenda ni kichaa cha mbwa, na kwamba asikaribiwe. Asubuhi ile mnyama alivunja zizi akaenda kwenye maji waliko ndama. Chengo akajaribu kuwaondoa ndama. Fahali akamrusha, mguu ukavunjika, naye akajivuta chini ya kichaka cha miiba.

Tulikimbia, Bwana Nzioka na bunduki yake mkononi. Tulipofika ukingoni mwa kichaka tuliona yote mara moja. Njia ilikuwa moja, nyembamba, miiba huku na huku, na mbele yake lambo. Fahali alikuwa amesimama mwishoni mwa njia hiyo akichimba ardhi kwa kwato, na kando yake kidogo, mbele ya pembe zake, chini ya majani, ilionekana shati la Chengo. Kila shati lilipotikisika, fahali aliinamisha pembe.

"Usijongee, Baba Bahati!" Kadzo akapaza sauti. "Tulia kabisa! Bwana yuaja!"

"Nimetulia!" sauti ikajibu kutoka miibani. "Mwambieni na yeye atulie, huyu shetani!"

Bwana Nzioka aliinua bunduki. Hapo ndipo ilipaswa kumalizika hadithi. Umbali ulikuwa mdogo, mnyama mkubwa, mpigaji hodari. Alilenga. Akashusha. Akalenga tena.

"Piga, bwana!" Kadzo akasema.

"Sioni."

"Huoni nini? Mnyama kama lori yule!"

"Naona mwanga tu! Darubini imejaa jua!"

Niwaeleze, maana hili halimo kwenye simu zenu. Darubini ya kawaida iko karibu na jicho, na kichwa chako chenyewe ndicho kofia yake. Jua likiwa nyuma yako, unalizuia kwa fuvu lako. Darubini ya skauti iko mbele, mbali na uso. Jua likiwa chini, nyuma ya bega, linapita kando ya kichwa chako na kuingia moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma. Unachungulia ndani ya taa. Chini ya makuti jambo hilo halikuwahi kutokea hata mara moja, kwa hiyo katika karakana nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuwa lipo. Na asubuhi ile jua lilikuwa limetoka upande wa bahari, changa, likikaa juu ya bega la kulia la Bwana Nzioka kama kasuku.

"Iondoe, ulenge kwa vile vya chuma," nikamwambia.

"Ufunguo uko kwenye sanduku! Nyumbani!"

"Sogea kushoto."

Akasogea kushoto. Akaona miiba. Akarudi. Fahali alikuwa ameanza kukisukuma kichaka kwa paji la uso, polepole, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa. Chengo akapiga ukelele mfupi.

Nikavua kofia yangu nikaishika nyuma ya kichwa cha Bwana Nzioka. Ilitoa kivuli cha ukubwa wa kisahani, kilichokuwa kikitembea kila alipopumua.

"Kikubwa!" akasema akiuma meno. "Nipeni kivuli kikubwa!"

Kadzo hakuuliza cha nini. Aliitandaza ile leso ya mkononi, akashika pembe mbili za juu, akasimama nyuma ya Bwana Nzioka mikono imepaa kama mtu anayeanika nguo. Alisimama wazi kabisa kwenye njia, mbele ya mnyama ambaye angeweza kugeuka wakati wowote, akiwa na kitambaa chekundu na cheupe.

"Pandisha kulia," Bwana Nzioka akasema. "Zaidi. Hapo. Usitikisike."

"Wewe ndiye usitikisike," Kadzo akamjibu.

Kivuli kikaangukia bunduki. Mlio ukatoka. Mtutu mfupi hautoi mlio, hutoa kofi. Moto wote uliopaswa kuisha ndani unaishia hewani. Risasi ilimpata fahali nyuma ya bega. Hakuanguka. Aligeuka, akatuona, akaja.

Na hapa naitendea haki bunduki ile. Njia ilikuwa nyembamba, tukarudi nyuma hadi miibani. Bunduki ndefu ingenasa, na leo ningekuwa mada ya maandishi ya mtu mwingine. Ile fupi iligeuka mikononi mwake bila kugusa tawi. Alikoki ikiwa begani, macho yote mawili wazi, na safari hii hakuihitaji darubini. Fahali alikuwa karibu kiasi kwamba niliona ute wake ukimeta. Kadzo naye hakuwa ameambiwa aache, kwa hiyo hakuacha. Bwana Nzioka alipogeuka aligeuka naye, leso juu, na mtutu ukapita mbele ya uso wa Kadzo wakati ule ule ulipolia.

Fahali alipiga magoti, kisha akalala ubavu.

Nilikuwa wa kwanza kufika kwa Chengo. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya, uso umechanwa na miiba, lakini alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Mama Bahati!" aliita. "Mama Bahati, niko mzima! Kadzo! Njoo basi, mke wangu!"

Nikageuka kumwangalia mkewe. Bwana Nzioka alikuwa ameshamwacha, amemwendea fahali, simu mkononi. Kadzo alikuwa bado amesimama pale pale njiani, mikono juu, leso imetandazwa, akiikinga jua ardhi tupu. Mumewe akaita tena. Hakugeuza hata shingo. Nikamwendea nikamshika mkono taratibu. Akanitazama mdomo, si macho.

"Fundi," akasema kwa sauti kubwa mno, "mbona kimya? Mume wangu mbona kimya?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Alipoliona lile shati likipunga mkono, aliiangusha leso akakimbia.

Sikio la kulia la Kadzo lilifunguka baada ya siku chache. La kushoto halikufunguka. Bwana Nzioka aligharimia hospitali yote, ya mguu na ya sikio, na sikumsikia akinung'unika. Daktari wa mifugo alithibitisha kichaa, fahali akazikwa na chokaa, hata supu yake haikunywewa. Huyo ndiye mnyama pekee aliyewahi kuuawa na bunduki ya kuwindia ya Bwana Nzioka: ng'ombe wake mwenyewe.

Nilipomsimulia Bwana Athumani, aliiweka kahawa yake chini. Kisha akatuma watu wakang'oe makuti ya nusu ya paa. Tangu siku hiyo kila mwenye darubini ya mbele alifyatua chini ya paa kwanza, kisha akatolewa juani, jua nyuma ya bega. Wengi walitukana. Watatu walirudisha bunduki. Nasikia nyinyi mmeyarudisha makuti kwa sababu wateja wanalalamika joto. Yang'oeni tena. Na skrubu za darubini hiyo msimkazie mtu, hata akiwalilia. Wekeni vishikizo vya kufungua kwa kidole, na mmfundishe kuitoa akiwa amefumba macho. Wala asifyatue bila kuziba masikio, yeye na aliye karibu naye. Yaliyobaki, ufupi, wepesi, wepesi wa kugeuka, ni ya kweli. Msiwadanganye wateja wala msiwazuie.

Sikukuu ya Krismasi iliyofuata Bwana Nzioka alitualika ranchini. Wageni wake wa mjini walikuwa wengi, na baada ya nyama aliileta bunduki, tupu, wakaipokezana. Akasimulia. Alisimulia vizuri, fahali alikuwa amekua kidogo tangu nilipomwona mara ya mwisho. Alieleza uzito wa bunduki, urefu wa mtutu, macho mawili wazi.

"Mtu mmoja, bunduki moja," akamalizia. "Risasi mbili tu."

Wageni wakapiga makofi. Kadzo alikuwa akipita na sinia la vyombo. Mmoja wao, mtu wa ucheshi, akamwuliza, "Mama, na wewe ulikuwepo?"

Hakumjibu, akaendelea kukusanya sahani. Yule mgeni akadhani amedharauliwa.

"Uko kushoto kwake, upande usiosikia," Chengo akamwambia kutoka kitini pake. Kisha akashika gongo lake, akainuka kwa shida, akaburuta kiti chake akizunguka meza nzima mbele ya wageni wote, na kukiweka kuliani kwa mkewe.